Uzito wa Gitaa la Mjomba

Kipaza sauti cha msikiti wetu kina ugonjwa. Kabla ya adhana hupiga yowe refu, jembamba, na vijana huziba masikio wakicheka. Mimi sicheki. Yowe hilo hunirudisha Moroni, miaka ya mamluki, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Nilikuwa nimetoka kwetu Mutsamudu, kisiwa jirani, kuja kusoma, nikikaa kwa Mjomba Mbaraka, kaka yake mama. Alipiga gitaa la umeme katika kundi la twarabu la mtaa. Alirudi nalo kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari: gogo zima la mti mwekundu, lisilo na tundu kifuani, zito kama jiwe la kusagia. Sauti yake ilikuwa nene na haikukatika upesi. Akigusa uzi mmoja, ungeweza kumeza tonge la wali na bado ukausikia.

Siku moja, barazani, Mjomba alitania ndevu za mmoja wa wale Wazungu wa kukodiwa. Kesho yake wakamchukua. Aliporudi, bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, na mkono haukupanda kupita kifua. Nyumbani hakuna aliyeuliza. Tulisema ameteguka.

Bega hilo ndilo lililobeba mkanda wa gitaa. Sasa hakuweza kumaliza hata nyimbo mbili, jasho linamtiririka. Harusi kubwa ya mtu wa rika lake ilikuwa inakaribia, na wenzake walikwisha kunong'ona kwamba asipoweza kusimama siku hiyo, gitaa la kundi litapigwa na mwingine.

"Gitaa limekuwa zito," alisema, akililaza kitandani.

"Nipe nimpelekee Bakoko," nikamwambia. "Likizo hii naenda nyumbani."

Bakoko, babu yangu, alichonga magabusi, vinanda vya mti uliochimbwa ndani na kuwambwa ngozi ya mbuzi. Mjomba alisita, akalitazama bega lake, akakubali.

Kule Mutsamudu Bakoko aliliinua gitaa, akaguna. "Lo! Huyu amekula nini? Gabusi linaimba kwa sababu lina njaa, mjukuu wangu. Hili limeshiba, ndiyo maana haliwezi kusema bila umeme."

Niliona ni hekima tupu. Akalichimba mgongoni kwa patasi, maranda mekundu yakajaa mkekani yakinukia kama sanduku la nguo za bibi. Kisha akaliziba kwa ubao mwembamba. Siku ya kurudi nililibeba bandarini kwa mkono mmoja, kichwa juu.

Mjomba alilivaa, akalipakata kitandani, akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Pale chumbani, bila umeme, lilikuwa na sauti tamu kuliko zamani. "Mpwa wangu," alisema, "umenirudisha uwanjani." Amplifaya ilikaa kwa mkuu wa kundi, na mazoezi yalikuwa yamesimama, maana siku zile watu wengi wakikutana walitazamwa vibaya. Hatukulijaribu zaidi.

Harusi ilikuwa alasiri. Amplifaya ilipowashwa, kabla Mjomba hajagusa uzi, gitaa likapiga yowe. Tumbo lile tupu lilikuwa linaumeza mlio wa spika na kuurudisha, nao ukazunguka bila kukoma. Akipunguza sauti, ngoma zinamfunika, akiongeza, yowe.

"We Mbaraka!" akapaza sauti Hasani, mpiga fidla. "Mbuzi wa karamu alishachinjwa! Huyo anayelia ni nani?"

Uwanja mzima ukacheka. Lakini yowe halikuwa baya kama lililofuata. Zamani uzito wa kiwiliwili uliiweka shingo ya gitaa mahali pake. Sasa shingo ilikuwa ndiyo nzito, ikawa inaanguka, na Mjomba ilimbidi aiinue kwa mkono wa kushoto, mkono ule ule, huku vidole vikitafuta nyuzi. Niliona bega likitetemeka ndani ya kanzu. Katikati ya wimbo wa kwanza akavua mkanda.

"Kaa, ndugu yangu," Hasani akamwambia polepole. Hakuwa anatania tena.

Mjomba alikaa na wageni. Hakulipigia kundi tena.

Hakunigombeza. Kwa miaka mingi niliilaumu patasi, na niliwaeleza vijana wanaojifunza gitaa kwamba uzito si adui: hutuliza mkono na kuishikilia sauti. Ni kweli, lakini kosa langu lilikuwa limetangulia patasi. Gitaa lile halikuongezeka uzito hata punje tangu Majunga. Tulilipima, tukalijadili, tukalipasua mgongo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia Mjomba avue shati tuone walichomfanya. Bakoko hakujua, mimi nilijua kidogo. Nililala chumba kimoja na Mjomba. Nilimsikia akigeuka, akigeuka tena, akitafuta upande wa kulalia, nami nikajifanya nimelala.