Nani Kamtumia Nani Nini

Gereji ya Ami Matar pale Hounslow haina gari. Ina masanduku. Watu wa Unguja na Pemba walioko London huyaleta kila Jumapili, Ami anayazungusha utepe wa gundi mpaka boksi lenyewe hulioni, na kontena likijaa linakwenda Mombasa kwa meli, kisha linavushwa Unguja. Shughuli hiyo aliianza kama kusaidiana. Kazi yake ya mshahara ni kwenye bohari la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na mwaka ule wa 2003 kazi hiyo ilitaka kumponyoka kwa sababu ya simu.

Si simu yake ya mkononi, hiyo angeizima. Ni simu ya ofisini kwa msimamizi wake. Bi Time, mama mmoja wa Kipemba mwenye mapipa mawili kontenani, siku moja alimkosa Ami nyumbani, akaipata namba ya bohari kwa njia anazozijua mwenyewe, akapiga, akajibiwa. Baada ya hapo akaigawa namba ile kwa wenzake kama anavyogawa halua ya sikukuu. Ikawa kila siku Ami anaitwa kwenye kipaza sauti, mara tatu, mara nne, ateremke kwenye gari la kunyanyulia mizigo, aje kumweleza mtu kwamba sanduku lake liko baharini na bahari ni kubwa.

Msimamizi ni Mkenya, jina lake Victor, si mtu wa maneno mengi. Mwezi wa Machi alimpa Ami barua ya onyo. Mwezi wa Mei akampa ya pili. Ya tatu ni ya kumfukuza. Ami alizibandika zote mbili mlangoni mwa friji, na mkewe, Bi Siham, akitaka maziwa ya chai lazima azipitie. Mimi nilikuwa nakaa kwao, nikizipitia vilevile.

Wakati huo Ami alikuwa akienda darasa la jioni la kompyuta. Huko alijuana na Kailash, mzee wa Kihindi wa Stanmore aliyezaliwa Kisumu. Wao wawili ndio waliokuwa wakongwe wa darasa. Kailash akamwambia mbona jambo lake jepesi. Masanduku yote ayaandike katika jedwali moja ndani ya kompyuta, hiyo ndiyo inaitwa databesi. Halafu atengeneze ukurasa mdogo wa intaneti, mtu akiufungua, ukurasa unaliuliza jedwali na kumwonyesha jibu. Kila mtu atajionea sanduku lake liko wapi. Simu ya nini tena.

Jambo jepesi lilichukua wiki sita.

Jedwali lenyewe lilikwisha jioni moja: namba ya sanduku, mtumaji, mpokeaji, vitu vilivyomo, mahali lilipo. Kisha akaingiza masanduku tisini na nne kwa vidole viwili, akihema kama anayabeba. Halafu ukaja ukurasa. Alipoufungua ulikuwa mweupe. Hakuna herufi, hakuna kosa lililotajwa, mweupe kama shuka. Akabadilisha hiki, akarudisha kile, akaihamisha kompyuta kutoka sebuleni kwenda chumbani, sijui alidhani ni mambo ya hewa. Siku nne Bi Siham na mimi tulikula bila yeye. Siku ya tano Kailash akaja kutoka Stanmore, treni mbili na basi, akavua koti, akatazama, akatia alama moja ya nukta na mkato mwisho wa mstari. Ukurasa ukaja. Ami hakufurahi hata kidogo. Alikitazama kile kidude kidogo kama mtu aliyetukanwa.

Na ulipokuja ulikuwa na sanduku moja tu, limeandikwa mara tisini na nne. Bi Time, mapipa mawili. Bi Time, mapipa mawili. Mpaka chini. Bi Siham alicheka, akatoka nje kumalizia kucheka.

Walipolitengeneza hilo, likabaki moja. Ndani ya ule mstari unaouliza jedwali, Ami aliweka kialama cha nyota, maana yake: niletee vyote. Kailash akamkataza.

"Matar bhai, toa hiyo nyota. Taja unachotaka tu. Namba na mahali, basi."

Ami akamwambia watu wake hawajui namba, wanajuana kwa majina. Sanduku ni la fulani anampelekea fulani, ndivyo linavyojulikana. Na zaidi ya hayo alikuwa amechoka, nyota ni kitufe kimoja na inafanya kazi. Kailash akavaa koti lake.

Jumapili Ami akawapa watu wote anwani ya ukurasa. Jumatatu simu ya bohari haikulia mpaka adhuhuri, na alipokuwa anakula alijiona mjanja. Saa saba ikaanza. Hakuna aliyeuliza sanduku liko wapi. Bi Haifa wa Peckham aliuliza nani kampa ruhusa kutangaza kwamba nguo alizompelekea wifi yake ni kuukuu, na yeye kamwambia wifi ni mpya. Mwanamke mwingine aliuliza ile nyumba ya Wete ambayo mumewe anaipelekea magodoro ni ya nani. Mume naye akapiga baada ya dakika kumi kuuliza nani kaitangaza nyumba hiyo, kwa sauti nyingine.

Kwetu sanduku hufunguliwa mlango umefungwa. Kilichomo anakijua aliyetoa na aliyepewa. Miaka tisa Ami aliyaziba masanduku hayo kwa mkono wake, akijua nani kamtumia nani nini, na hakuna siku aliyofungua mdomo. Sasa siri zote zilikuwa kwenye jedwali, safu tano, kwa yeyote mwenye kompyuta, na yeye mwenyewe ndiye aliyeziweka.

Jumanne akaitwa ofisini. Alituhadithia yeye mwenyewe jioni ile, kasimama, hakutaka kukaa. Barua ya tatu ilikuwa juu ya meza. Victor alikuwa kashika simu, kaiweka mbali na sikio, na kutoka mlangoni Ami akaitambua sauti. Mama yake, kutoka Unguja, na yeye keshaipata ile namba. Mjukuu wake alikuwa amempeleka duka la intaneti, akamsomea ukurasa wote mpaka namba sitini na moja: mtumaji, Matar, mpokeaji, mama yake Siham, vitu, blenda. Na mwaka mzima mama yake Ami alikuwa akimwomba mwanawe blenda, na mwaka mzima anaambiwa kontena limejaa.

Ukweli ni kwamba blenda ile Bi Siham alimnunulia mama yake kwa fedha yake. Jina la Ami liliandikwa kwa sababu kila sanduku la nyumba ile linaandikwa jina lake. Lakini kulisema hilo ni kumchongea mke kwa mkwewe. Basi Ami akapokea simu, akasimama mbele ya Victor akijibu, "Ndiyo, mama. Nimekosa, mama," hata hajui mara ngapi. Kisha mama akataka arudishiwe yule mkubwa wa kazi, aliyemwamkia kwa Kiswahili. Victor akasikiliza muda mrefu, akaweka simu chini.

"Mama yako amesema nikufunze adabu, maana baba yako hayuko," akasema. "Barua hii sijaitia sahihi. Simu hii ikilia tena kukutafuta kabla ya Ijumaa jioni, naitia."

Jioni ile Ami aliifuta nyota. Mahali pake akaandika maneno mawili, namba na mahali, na ukurasa ukabaki na safu mbili, hauna mtu wala blenda. Halafu yeye na Bi Siham wakapokezana simu ya nyumbani, wakampigia kila mteja kumpa namba yake. Bi Siham alimwongezea kila mmoja la kwake: atakayepiga bohari, sanduku lake litalala gereji mpaka lioze.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa saa tisa u nusu simu ikalia. Ami aliiona kupitia kioo cha ofisi. Akamwona Victor akiinyanyua, akisikiliza, akifungua mtoto wa meza. Ami akazima gari lake, akaenda mwenyewe kabla hajaitwa. Alipoingia, Victor hakuwa anatafuta kalamu. Alikuwa anatafuta miwani.

Alikuwa Bi Time. Sauti yake ilisikika mpaka mlangoni.

"Nimekatazwa kumsumbua Matar, ndo maana nakuuliza wewe. Arobaini na tatu iko wapi?"

Akamtajia Victor anwani ya ukurasa, herufi moja moja, na Victor akaichapa, kaminya midomo. "Mombasa, mama," akamwambia. Bi Time akamshukuru, akawaombea dua watoto wake, akataka na majina yao ili dua isipotee njia. Alipokata, Victor aliitazama ile barua.

"Hakukutafuta wewe," akasema. Akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga. "Rudi kazini."

Jumamosi Ami akanunua blenda kubwa kuliko ile ya mkwewe, akaifunga, akaiandika namba tisini na tano, akampigia mama yake kumwambia. Nikadhani yamekwisha. Jumapili yake mama akapiga nyumbani. Alikuwa karudi duka la intaneti na mjukuu, na jirani wawili aliowachukua makusudi. Wamesoma tisini na tano, Hounslow, basi. Mbona haisemi ni blenda?

Ami akamweleza, polepole, kwamba sasa haionyeshi vitu vya mtu yeyote.

"Ya mkweo dunia nzima imeisoma," mama akasema. "Yangu mie ndo ya kufichwa?"

Ami akaweka simu chini. Akaenda akakaa mbele ya kompyuta, akafungua ule mstari, akawa kaelekeza kidole juu ya kitufe cha nyota, habonyezi wala haondoi kidole. Bi Siham akatoka jikoni na mikono yake ya unga, akachomoa waya wa kompyuta ukutani, akarudi jikoni.