Stempu ya Ndege Iliyoleta Mchele

Mpunga mbichi ukianikwa juani hutoa harufu ya majani yaliyolala na mvua, tamu kidogo, yenye vumbi ndani yake linalowasha pua. Msimu ule wa mavuno, nyumbani kwa babu kijijini Majimoto, harufu hiyo ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye maji ya kunywa, hata kanisani Jumapili. Nilikuwa darasa la nne, na shule ilipofungwa mama alinituma kutoka Mpanda nikasaidie kulinda mpunga. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kando ya turubai na fimbo, kufukuza kuku na bata, na jua likisogea, kupita katikati ya mpunga ukiburuza nyayo ili punje za chini zije juu. Babu mzaa mama alikuwa mzee sana, lakini nyayo zake ziliacha mistari iliyonyooka kama matuta. Yangu ilikwenda kombo, nami nikarudia, nikarudia tena, mpaka mama mdogo aliyekuwa akitwanga akasema, "We mtoto, mpunga unakauka hata mistari ikipinda!"

Nilikuwa mtoto wa kuogopa kukosea, na sijapona. Katekista wetu kule Mpanda aliwapa zawadi ya stempu watoto waliokariri sala bila kukwama, stempu mpya za ukumbusho alizopewa na mapadre, nami nilikuwa nimejishindia kadhaa. Ziliandikwa Tanzania, lakini picha zake zilikuwa za vita kuu ya pili ya dunia: vifaru vikitoka majini, askari wakining'inia kwenye miavuli, ndege zikipita juu ya mawingu. Niliipenda zaidi ile yenye ndege nene ya injini mbili, rangi ya majani makavu, yenye mistari myeupe na myeusi mbawani. Nilizihifadhi ndani ya kitabu cha sala, kila moja ukurasa wake, na kabla ya kuzigusa nilinawa mikono na kusubiri ikauke. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amenisomea maandishi madogo ya pembeni, nikayakariri nayo kama sala: operesheni ya kutua pwani ya Ufaransa.

Mchana mmoja nilimwonyesha babu. Ujanani alichukuliwa kwenye Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa kupigana Burma, ambayo yeye aliiita Bama. Mimi sikuwahi kumsikia akisimulia. Watu wazima wa nyumbani walishamchoka. Alifuta vidole kwenye shati, akaisogeza stempu mbali na macho, akaivuta karibu, kisha akacheka.

"Mke wangu, hii umeitoa wapi? Hii ndiyo ilituletea mchele!"

Akaanza. Alisema mvua ya Bama haikuwa na adabu, malori yalizama kwenye tope mpaka milangoni, wakakaa na njaa hadi ndege kama ile ilipokuja chinichini na kumwaga magunia. Mengine yalikuwa na miavuli, mengine yalitupwa hivihivi, na gunia la mchele likikuangukia halina tofauti na bomu. Alikuwa na rafiki, Mkonongo wa upande wa Inyonga, waliyelala naye shimo moja. Njaa ilimzidi yule, ndege haijamaliza kuzunguka akatoka mbio. "Nikamwita, we! Ngoja! Rudi! Hasikii, mkono juu hivi, anacheka, mara nikaona gunia..." Babu alikuwa amesimama katikati ya mpunga, mkono wake mwenyewe umeinuka.

"Babu," nikasema, "siyo hii. Hii wameandika Ufaransa."

Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele.

Mama mdogo aliachia mchi. "Haa! Leo mzee umeshikwa! Miaka yote ndege yangu, ndege yangu, kumbe ndege yenyewe ya Ufaransa!" Akacheka hadi akajishika kiuno, na jirani wa ng'ambo ya ua akaitikia kicheko bila kujua kinachochekwa. Babu alishusha mkono. Alinirudishia stempu akiishika kwa ncha tu, kama alivyoniona nikiishika.

"Basi," akasema. "Kama wameandika, wameandika."

Jioni nilimuuliza babu yule rafiki yake alipatwa na nini. "Kamuulize aliyeandika," akanijibu. Nikauliza tena siku ya kupanda basi. Alinifungia mchele mpya, akanipa salamu za kumpelekea mama, na lile nililolitaka akabaki nalo. Mavuno yaliyofuata yalikuta ameshazikwa.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, husema wahenga, ila ulimi wangu haukujikwaa. Ulisema kilichoandikwa, na hicho ndicho kinachoniuma. Mambo ya stempu sikufundishwa na mtu. Nimejifunza mwenyewe, chumbani kwangu Mpanda, nikikuza picha kwenye simu mpaka nione meno ya kingo zake. Ndivyo nilivyogundua kwamba ndege za aina ileile zilitumika pia Burma, zikiwadondoshea chakula askari wa Afrika Mashariki msituni. Stempu ilikuwa ya Ufaransa, lakini ndege babu aliijua. Nilipoyasoma hayo nilizima simu, nikaiwasha, nikasoma tena, nikitafuta kosa. Nilitamani sana liwepo.

Siku hizi mpunga wa Majimoto unakobolewa kwa mashine, na ukitaka habari za ndege yoyote unazipata kabla chai haijapoa. Nazijua injini za ile ndege, mbawa zake, hata sababu ya mistari ile. Jina la yule Mkonongo silijui. Nimejaribu kuimalizia hadithi mwenyewe: mara anainuka akijipangusa tope, mara hainuki. Kila mwisho unasomeka vizuri, ndiyo maana naufuta. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Mwezi uliopita nilimpigia mama mdogo, nikitumaini kwamba yeye aliyeisikia hadithi ya babu miaka mingi kabla yangu amebaki na mwisho wake.

"Rafiki gani, mwanangu?" akasema. "Sisi tulikuwa tunaanza kumcheka akifika kwenye mchele. Huko kwa rafiki hakuwahi kufika."