Tone Jekundu Juu ya Stika

Bernadeta Mkude hafungui simu ya mtu aliyegeuza kichwa.

Ni saa mbili asubuhi nyuma ya Soko la Kingalu, mjini Morogoro. Mteja wa kwanza amekaa kwenye kigoda mbele ya meza, lakini macho yake yako kwenye Fuso linaloshusha karoti za Mgeta. Bernadeta ameshika bisibisi juu ya simu. Haishushi.

“Baba, tazama hapa,” anasema. “Nikifungua wewe ukiwa unahesabu karoti za watu, kesho utasema nimekuibia kamera.”

“Mimi nakuamini, mama.”

“Usiniamini. Tazama.”

Mzee anacheka na kusogeza kigoda karibu. Ndipo bisibisi inaposhuka.

Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu, ambaye sasa ana miaka arobaini na sita, ametengeneza simu namna hiyo kwenye baraza la duka la Riyaz Fidahussein. Mwenye mali anakodoa macho, fundi anafanya kazi. Mwisho wa mwezi huu anatakiwa aamue kama ataendelea.

Kampuni ya Kichina inayotengeneza simu za Taolin inataka kufungua kituo cha matengenezo ndani ya duka hilo, na inamtaka Bernadeta awe fundi mkuu. Atalipwa shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Atafanya kazi kwenye chumba kilichofungwa. Wenye simu hawataruhusiwa kuingia wala kuchungulia.

Akikataa, atatafutwa fundi mwingine, na baraza litajengwa ukuta. Meza yake itaondoka.

“Laki nne na nusu ni hela,” anasema. “Mimi siku nzuri napata elfu ishirini na tano, siku mbaya napata salamu tu. Lakini mtu akikupa hela nzuri halafu akakwambia ufunge mlango, lazima ujiulize huo mlango ni wa nini.”

Bernadeta alizaliwa Nyandira, juu kwenye Milima ya Uluguru, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Alimaliza darasa la saba, akalima njegere, kisha akashuka mjini kufanya kibarua kwenye kiwanda cha tumbaku. Ni hapo alipopata simu yake ya kwanza, na ni hapo ilipolowa mvua ikazima.

Fundi aliyempelekea alimwambia aiache, arudi jioni. Aliporudi simu iliwaka. Lakini betri ilikuwa imevimba, na kioo kilikuwa na mkwaruzo asioujua.

“Nikamuuliza. Akaniambia, ‘Dada, ndivyo ulivyoileta.’ Mbele ya watu. Wakanicheka. Nikasema basi, nitajifunza kufungua mwenyewe.”

Alikaa mwaka mzima kwa fundi redio mmoja wa Mji Mpya, kila Jumapili baada ya misa, akitazama. Aliua simu sita mbovu za kununua kabla ya kufufua ya kwanza. Alipoweka meza yake, shida ikawa ileile, ila sasa aliyeshukiwa ni yeye. Mteja mmoja alimburuza hadi ofisi ya serikali ya mtaa akidai spika yake imebadilishwa. Bernadeta hakuwa ameibadilisha. Hakuwa na cha kuonyesha pia. Alilipa.

Siku iliyofuata alinunua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akakiweka mezani.

Tangu hapo, mteja asiyeweza kukaa na kusubiri hupaka mwenyewe. Anafungua mfuniko wa nyuma, anaweka tone juu ya betri, tone juu ya skrubu, kisha anaondoka. Akirudi anaangalia matone yake. Kila mtu ana mkono wake: mmoja anaweka nukta, mwingine anachora msalaba, mwingine anavuta mstari kama mkia wa panya. Huwezi kuuiga.

Mtindo huo ulipanda mlimani. Kule Nyandira, kwenye kibanda yanaposimama magari ya mboga, kuna kichupa kimoja kinachoning’inia kwa uzi. Anayetuma simu mjini kwa dereva wa Fuso anaipaka kwanza. Dereva hamwamini mwenye simu, mwenye simu hamwamini dereva, na wote wawili hawamwamini fundi. Simu zinakwenda na kurudi bila ugomvi.

Taolin zilianza kuuzwa kwa Riyaz miaka mitatu iliyopita. Riyaz ni mjukuu wa mtu aliyefungua duka hilo kwa kuuza utambi na vioo vya taa za chemli, na anaipenda sana historia ya kampuni hiyo. Imeandikwa kwa Kiswahili kwenye kijitabu chenye jalada linalong’aa, na kila muuzaji amepewa nakala.

Kijitabu kinasema mwanzilishi alikuwa kijana wa kijijini. Mwaka 1999 aliweka meza sokoni, katika mji mmoja wa kusini mwa China. Alinunua simu mbovu, akazifufua, akaziuza. Kwa kufungua simu za watu alijifunza kipi hufa kwanza. Baadaye alikodi chumba na kuanza kuunganisha simu zake mwenyewe.

Kwao hakuna aliyezitaka, kwa sababu kampuni kubwa zilikuwa zimeshika soko. Basi akazipeleka kwenye nchi ambazo wakubwa hawakuzijali, na akauliza watu wa huko wanataka nini. Wakasema laini mbili. Wakasema chaji ya siku nne, tochi, na spika ya kusikika shambani. Akawapa. Leo, kwa mujibu wa kijitabu, Taolin inauzwa katika nchi sabini na mbili na ina viwanda vitano.

“Hii ni hadithi ya babu yangu kabisa,” anasema Riyaz. “Babu alianza na utambi. Nilimpa dada Berna kijitabu nikijua atafurahi.”

Bernadeta hakufurahi. Alikisoma kama anavyofungua simu.

“Ukurasa wa nne wanasema walianza watu watatu,” anasema huku akilamba kidole na kufunua. “Njoo ukurasa wa kumi na moja. Walianza watu saba. Hao wanne wametoka wapi?”

“Dada Berna, hicho ni kijitabu cha matangazo,” Riyaz anajibu kutoka ndani. “Si Msahafu.”

“Ndiyo maana nakihesabu, tajiri.”

Na kweli, kijitabu hakitaji jina la soko hilo. Hakina picha ya meza. Kina picha ya jengo la vioo vitupu, na mbele yake wamesimama watu waliovaa suti.

Pamoja na hayo, Bernadeta hazidharau simu zenyewe. Anasema chaji inakaa kweli na spika inasikika kweli. Yeye mwenyewe anatumia Taolin. Tatizo lake lilianza Machi, na lilikuja limebebwa na Yuliana.

Yuliana ni mkulima wa kabichi wa Nyandira. Alinunua simu yake ya Taolin kwa Riyaz ikiwa mpya, ndani ya boksi. Miezi minne baadaye ikagoma kuchaji. Waranti ni ya mwaka mmoja. Yuliana akaipaka tone kama kawaida ya kwao na kuituma kwa Fuso. Bernadeta alipoona iko ndani ya waranti hakuigusa. Alimpa Riyaz, Riyaz akaipeleka Dar es Salaam.

Ilirudi baada ya wiki tano, mbovu vilevile, na karatasi. Ndani ya simu za Taolin kuna skrubu moja iliyofunikwa kwa stika nyeupe ya kampuni. Stika hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba simu haijafunguliwa. Karatasi ilisema juu ya stika kumeonekana rangi nyekundu, kwa hiyo simu imechezewa na mtu asiyeruhusiwa. Waranti imekufa.

Yuliana alishuka mwenyewe kutoka mlimani. Hakukaa kwenye kigoda.

“Wewe ndiye uliyetufundisha kupaka,” alimwambia Bernadeta mbele ya wateja. “Tumepaka miaka yote. Leo unaniambia kupaka ni kosa?”

“Sikukwambia mimi. Wamesema wao.”

“Wao siwajui. Nakujua wewe, mtoto wa kwetu. Au mmekula pamoja na huyu Mhindi wako?”

“Mama, mimi nimezaliwa Morogoro hii hii,” Riyaz alisema mlangoni. “Nami ningependa kujua tumekula nini, maana nina njaa.”



Bernadeta anasema maneno ya Yuliana yalimkaa. Aliuliza kwa madereva wa Fuso na kugundua kwamba simu za Taolin kumi na moja za Nyandira zilikuwa zimerudishwa kutoka Dar es Salaam bila kutengenezwa, zote kwa sababu ya tone.

“Kosa ni langu. Niliwapa watu alama ya kujilinda nisiibe mimi. Sikufikiria kama na kampuni nayo ina alama yake ya kujilinda na watu haohao. Tone limepakwa juu ya stika. Wasiwasi juu ya wasiwasi.”

Kwa kuwa waranti ilikuwa imekwisha kufa, alimwomba Yuliana akae atazame. Yuliana akakaa. Kabla ya bisibisi kugusa, wote wawili waliikagua stika. Chini ya tone jekundu ilikuwa nzima, haijachanika wala kuinuka pembeni. Kisha Bernadeta akafungua.

Sehemu ya kuchajia ilikuwa imelegea. Hilo alilitarajia. Asilolitarajia lilikuwa risasi ya kulehemu iliyoishikilia: nene, imevimba upande mmoja, na pembeni kuna alama ya kuungua. Risasi za mashine hukaa sawasawa kama punje za mtama. Hii ilikuwa ya mkono.

“Nikamwambia Yuliana, hebu angalia. Mtu amewahi kulehemu hapa. Chini ya stika ambayo haijafunguliwa. Simu mpya, ya kwenye boksi!”

Anatabasamu kidogo anapofika hapo.

“Kijitabu kinasema walianza kwa kufufua simu za watu. Labda hawajaacha.”

Alibadilisha sehemu ya kuchajia bila malipo. Simu ya Yuliana inafanya kazi hadi leo. Kile kipande cha zamani, chenye risasi yake, Bernadeta amekifunga kwenye mfuko wa nailoni na Yuliana ameweka tone kwenye fundo.

Wiki mbili baadaye alikuja Abdulmajid, mwakilishi wa kampuni kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye fulana ya Taolin na mkataba wa kurasa tisa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibu kigoda.”

Abdulmajid alieleza kila kitu kwa upole. Chumba kitakuwa na kiyoyozi. Vumbi halitaingia. Mteja atakabidhi simu dirishani na baada ya siku tatu atatumiwa ujumbe.

“Atatumiwa ujumbe kwenye simu ipi?” Bernadeta akauliza. “Si ndiyo hiyo mmeishika?”

“Ataacha namba ya jirani, mama.”

“Na wakati wa kufungua, mwenye simu anakaa wapi?”

“Nyumbani. Ndivyo tunavyofanya nchi zote sabini na mbili.”

Bernadeta akamwekea mezani ule mfuko wa nailoni. Kijana aliugeuzageuza bila kuufungua. Akasema kiwandani nako wapo watu wanaolehemu kwa mkono, pale mashine inaporuka kidogo. Haimaanishi simu ni ya zamani.

“Inawezekana,” Bernadeta alimjibu. “Sikuwepo. Na wewe hukuwepo. Ndiyo sababu nataka watu wawepo.”

Halafu akamuuliza swali ambalo Riyaz anasema bado linamsumbua yeye mwenyewe, mwenye duka.

“Huyo mkubwa wenu alianza na meza sokoni, kama hii yangu. Kama watu wangemfungia mlango asione ndani ya simu, angekuwa nani leo? Sasa kwa nini yeye hataki mtu mwingine aone?”

Abdulmajid alisema atapeleka swali hilo ofisini. Jibu halijaja.

Riyaz amekwama katikati. Kituo kitamletea wateja, na asiyekuwa na kituo huenda akanyang’anywa uwakala. Lakini nusu ya wanaonunua simu kwake ni watu wa milimani, na hao humuuliza Bernadeta kwanza.

“Akiondoka barazani, wananunua kwa nani?” anasema. “Mimi wananijua dukani tu. Yeye wanamjua kwao.”

Alhamisi iliyopita Abdulmajid alirudi kuchukua mkataba. Bernadeta alikuwa ameusoma wote, kurasa tisa, na hakuwa ameusaini. Pembeni ya ukurasa wa sita alikuwa ameandika kwa kalamu mambo mawili. Ukuta wa chumba uwe wa kioo, na mwenye simu akae mbele yake akitaka. Na tone la mwenye simu lisihesabiwe kuwa simu imechezewa, ilimradi stika iliyo chini yake ni nzima.

Alisema wakikubali na kuweka sahihi yao hapo pembeni, naye atasaini siku hiyohiyo. Wakikataa, amekwisha kuzungumza na mwenye duka la mbegu ng’ambo ya barabara. Chini ya ngazi zake kuna nafasi ya meza moja na kigoda kimoja. Amekwenda na kamba, amepima.

Lakini anachotaka ni kile chumba cha kioo. Anasema ameshakiona akilini: Yuliana amekaa nje ya kioo na kapu lake la kabichi, pua imegusa kioo, na yeye yuko ndani na taa nzuri na hewa safi, anafungua polepole ili kila kitu kionekane.

Kijana aliponyoosha mkono achukue karatasi zake, Bernadeta alimzuia kwanza. Akafungua kichupa. Akaweka tone moja jekundu kwenye kona, juu ya pini inayoshika kurasa zote tisa, akalipuliza likauke.

“Mama, huo ni mkataba,” Abdulmajid akasema. “Si simu.”

“Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimepaka moja tu.”

Mkataba uko Dar es Salaam sasa. Bernadeta ameinama mezani na mteja mwingine, anamgonga kwenye goti ili atazame. Bila kuinua kichwa anaeleza atakachofanya utakaporudi.

“Sitaanza na sahihi yao,” anasema. “Nitaanza na pini.”