Nzuri, Ila

Siku binti yule alipopata kazi kwenye kampuni ya ushauri wa biashara, mama yake hakungoja aulizwe. Alitangaza dukani, alitangaza kwa fundi cherehani, na alipokosa wa kumtangazia akamsimamisha msoma mita za maji. "Mwanangu ni mshauri," alisema, "analipwa kwa kusema tu." Basi jina likamganda binti wa watu: Mshauri. Mjomba wake alimpigia simu wiki ile ile, akitaka kujua kama arudiane na mtalaka wake au anunue pikipiki.

Wasichokijua ni kwamba Mshauri alikuwa hajamshauri mtu yeyote. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, mbali na nyumbani, na kazi yake ilikuwa kujifunza kugeuza majedwali ya namba kuwa michoro ambayo mteja ataielewa kabla chai yake haijapoa. Alijifunza kwa video, kwa kubahatisha na kwa kukemewa. Mkemeaji alikuwa bosi wake, mama mmoja mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Rangi Tatu, kwa kuwa hakuvumilia mchoro wenye rangi zaidi ya hizo. Mchoro wa kwanza wa Mshauri ulikuwa na rangi kumi na moja. Rangi Tatu aliutazama, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Hii ni chati," aliuliza, "au pazia la sebuleni?"

Sasa majaribio yalikuwa yanaisha Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo Mshauri alipaswa kusimama mbele ya mteja wake wa kwanza. Akifanya vizuri, anapewa mkataba. Akivuruga, anarudi nyumbani, na mama yake ataanza upya kuzunguka mtaa, safari hii akieleza.

Mteja alikuwa mwenye kampuni ya dobi, matawi matano, mashine mpya, pasi za mvuke, na wateja wanaopungua kila mwezi bila kuaga. Ili ajue kulikoni, alichapisha kadi zenye swali moja tu, *Habari ya huduma yetu?*, na chini yake mistari mitatu ya kujaza. Kadi mia sita na kumi na mbili zilirudi. Zililetwa ofisini ndani ya boksi la sabuni, zikawekwa chini ya meza ya Mshauri, na tangu hapo pembe ile ikanukia usafi.

Mwalimu wa kwenye video alikuwa amesisitiza kwamba data lazima isafishwe: jibu moja, neno moja, mengine ni takataka. Mshauri, mtu wa kushika mafunzo, aliingiza kwenye kompyuta neno la kwanza la kila kadi. *Nzuri. Nzuri. Nzuri. Salama. Nzuri.* Kazi ya wiki mbili akaimaliza kwa siku mbili, akajipongeza kwa soda. Alipobonyeza kitufe cha mwisho, duara zuri la kijani likachanua kwenye kioo: asilimia tisini na sita walisema nzuri. Kijipande kilichobaki, cha salama na cha wanaomshukuru Mungu, alikipaka kijivu.

Alhamisi asubuhi Rangi Tatu akaja kuliona.

"Rangi mbili tu. Umekua," alisema. Kisha uso wake ukabadilika. "Hebu nieleweshe. Wateja wanamkimbia huyu mzee kila siku, halafu wote wanasema nzuri?"

"Ndivyo data inavyosema, bosi."

"Basi data yako inadanganya, au wewe hujui kuisikiliza. Una mpaka kesho saa tatu."

Mshauri alirudi kwenye kompyuta. Alibadilisha duara likawa nguzo, nguzo ikawa moja ndefu ya kijani, imesimama peke yake bila aibu. Alijaribu kuligeuza lile duara liwe na tundu katikati. Ikawa *nzuri* yenye tundu. Mchana akatoka, akakaa kwenye ngazi za nyuma, na simu ikaita. Mama yake hupiga kila siku saa ya chakula, hata kama hana la kusema.

"Mwanangu, habari za kazi?"

"Nzuri, mama."

Mama hakusema kitu. Ndiyo desturi yake. Akiambiwa nzuri, hungoja.

"Nzuri, halafu?"

"Nzuri, ila..." Hapo Mshauri akaangua kilio. Alieleza yote, duara, dobi, mkataba, hata rangi kumi na moja. Mama alimwacha amalize.

"Sasa na wewe," alisema mama, "ulitaka watu wa watu wajibu nini? Umemuuliza mtu habari, atakujibu mbaya? Hana adabu? Siku paa letu lilipong'olewa na upepo, jirani aliniuliza habari za asubuhi nikamwambia nzuri. Paa nilimtajia baadaye."

Mshauri alikatiza kilio katikati. "Mama, ngoja. Nitakupigia."

Alipanda ngazi mbili mbili, akaburuta boksi, akaanza kusoma kadi kuanzia pale alipoishia: neno la pili.

*Nzuri, ila shati langu limerudi bila vifungo.* *Nzuri sana, isipokuwa suruali mliyonipa si yangu na mwenyewe ni mfupi.* *Nzuri tu. Koti la mume wangu tulilileta kwa ajili ya harusi, maharusi sasa wana mtoto.* *Namshukuru Mungu, lakini shuka hizi ni za nani?*

Alicheka mpaka machozi mengine yakamtoka, ya aina nyingine. Kadi mia nne thelathini na moja zilikuwa na ila. Alizipanga sakafuni mafungu matatu: nguo zilizobadilishana mia mbili hamsini na nne, vifungo tisini na sita, kuchelewa themanini na moja. Fungu la kwanza liliziba njia ya kwenda kwa mhasibu. Akachora nguzo tatu, mbili za kijivu na moja, ya fungu la kwanza, nyekundu.

Ijumaa saa tatu mwenye dobi akaingia, mzee mnene mchangamfu, tai imekaza, suruali imekomea juu ya soksi. Mshauri alijikaza kisabuni, akaiacha projekta imezimwa.

"Mzee, kabla ya yote, habari za biashara?"

"Nzuri, binti yangu."

Mshauri akanyamaza, akangoja kama anavyongoja mama yake. Rangi Tatu alimkodolea macho. Mzee alitazama saa ya ukutani, akalegeza tai, akakohoa.

"Nzuri, ila," alisema, na hakunyamaza kwa robo saa. Vitambulisho vya karatasi wanavyobandika kwenye nguo vinabanduka kwenye maji ya moto, alijua tangu zamani, alidhani wateja hawajagundua. "Hata hii suruali niliyovaa," alimaliza kwa unyonge, "nilichukua kwenye tawi langu mwenyewe, na sijui ya nani."

Ndipo Mshauri akawasha projekta. Mzee aliitazama ile nguzo nyekundu, akajitazama miguuni, akatikisa kichwa polepole. Hakuhitaji maelezo.

Kwenye korido Rangi Tatu alimpita bila kusimama. "Jumatatu usichelewe," alisema. "Mkataba una kurasa nne, usome zote, usiishie neno la kwanza."

Mchana, kwenye ngazi zile zile, simu ikaita.

"Habari za kazi, mwanangu?"

"Nzuri, mama. Nimepata. Haina ila."

Mama alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Mshauri akangoja viishe.

"Na wewe mama, habari za nyumbani?"

"Nzuri tu, mwanangu."

Jibu hilo alikuwa amelipokea kila siku kwa miezi mitatu, akashukuru, akakata simu. Leo hakukata. Alisikia mama akivuta pumzi, akisogeza kiti.

"Nzuri," alisema mama taratibu, "ila jicho la kushoto sioni nalo vizuri tangu ulipoondoka. Nilisema nisikusumbue, una watu wa kuwashauri."

Mshauri alikaa sawa kwenye ngazi. Alitoa kalamu, akageuza karatasi yenye nguzo nyekundu upande mweupe.

"Endelea, mama," alisema. "Nina nafasi."