Wiki Mama Mkubwa Alipobatizwa Mara ya Pili

Sisi tuliokulia Ufipa wakati vijiji vya ujamaa bado vinanukia nyasi mpya za paa, tulilelewa na baridi na ulezi. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka miguu mitupu kwenye umande uliouma kama siafu. Mchana tulikula ugali mweusi kwa kambale mkavu aliyeletwa kutoka bondeni, jioni tukacheza rede mpaka mpira wa matambara ufumuke. Sikumbuki aliyewahi kuugua mafua. Siku hizi mtoto wa huku mjini Katandala akitoka nje bila soksi anakimbizwa hospitali, na mama yake kajifunika blanketi utadhani yeye ndiye mgonjwa.

Nilikuwa darasa la tano alipokuja kijijini kwetu mwinjilisti kutoka Mbeya. Kanisa lake lilikuwa mojawapo ya yale madogo yanayozamisha watu wazima mtoni. Sisi wote tulikuwa watu wa padri, hata walevi. Kijana mwenyewe alivaa shati jeupe na tai nyeusi, akabeba begi la plastiki lililoigiza ngozi. Alifikia kwa bwana shamba, mtu wa kwao. Kwa miezi miwili alipita nyumba kwa nyumba na hakupata hata kuku wa kumsikiliza. Tulimwita Bwana Tai. Alijaribu kupukuchua mahindi ya shamba la kijiji, vidole vikamtoka malengelenge kabla debe moja halijajaa. Wanawake wakamwambia, "Basi wewe nenda ukatuombee mvua." Ilikuwa Juni. Ufipa mvua haiji Juni. Yeye akasogea pembeni, akafumba macho, akaomba kweli.

Mtu pekee aliyemkaribisha ndani alikuwa Mama Mkubwa, dada wa mama yangu. Aliolewa mke wa pili, kwa hiyo kanisani alikaa benchi la nyuma na hakupokea komunyo. Mumewe alipokufa hakuna aliyemwita mbele, naye hakujipeleka. Alipika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na wanaume wote wa kijiji walikunywa uani kwake. Kila mtu, hata sisi watoto, tulimwita Mama Kimpumu. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, ndiyo maana akanikalisha katikati nitafsiri. Nilijiona waziri.

Jumatatu Bwana Tai alikaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. "Mama, jina lako nani?"

Nikajibu mimi. "Anaitwa Mama Kimpumu."

"Nimemuuliza yeye."

Nikauliza kwa Kifipa. Mama Mkubwa alijifuta mikono kwenye kaniki, akakawia kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

"Restituta," akasema. Kijana akaliandika kwenye daftari lake.

Jumanne lilikuwa somo la pombe. "Mwambie, anayepika ni sawa na anayekunywa." Nikatafsiri huku nimeinua kidevu kama yeye, maana nilikuwa fundi wa kuigiza. Mama Mkubwa akauliza, "Na anayelima ulezi je?" Bwana Tai akapekua kitabu, na hadi tunaagana alikuwa bado anapekua. Jumatano lilikuwa somo la ugoro. Mama Mkubwa, kwa adabu ya mwenyeji, alimkaribisha aonje kwanza anachokikataza. Kijana akaukataa, lakini harufu tu ilimpigisha chafya hadi tai ikamrukia begani. Nilisimulia shuleni wiki nzima.

Habari zikamfikia baba. Yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi, na pia mteja wa kwanza wa Mama Mkubwa. Alhamisi alikuja na wenzake watatu, wakasimama mlangoni.

"Shemeji, nasikia unataka kuacha kupika. Utakula nini? Utakula tai?"

Wakacheka, wakapigana mabega. Na huyo ndiye aliyetuhubiria kujitegemea kila mkutano wa kijiji! Alijitegemea kwa kila kitu isipokuwa kiu. Mama Mkubwa aliendelea kupepeta ulezi wake, na makapi yote yakaenda upande wa mlangoni.

Ijumaa kijana alipomaliza somo akauliza kama kuna swali. Mama Mkubwa alikuwa nalo. Alizaa mtoto mmoja tu maishani mwake, wa kiume, akaishi siku tatu, akafa kabla hajabatizwa. Walimzika nyuma ya nyumba. Tangu hapo kila mwenye kujua dini kidogo alimweleza kwamba mtoto yule hatamwona Mungu.

"Muulize," akaniambia, "mwanangu yuko wapi."

Nikauliza. Bwana Tai akafungua kitabu, akafunga, akafungua tena. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka.

"Mwambie sijui."

"Nimwambie hujui?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo. Sijui."

Nikatafsiri kwa dharau yote niliyokuwa nayo, maana mwalimu asiyejua hatukuwahi kumwona. Mama Mkubwa akafunika uso kwa kaniki, mabega yakatikisika. Nilidhani anacheka. Alipofunua uso ulikuwa umelowa.

"Wote waliokuja kabla yake walijua," akasema. "Mwambie Jumapili nitaingia majini."

Jumapili nyasi za mtoni zilikuwa nyeupe kwa baridi, kama zimemwagiwa unga. Kijiji kizima kilishuka kutazama, wanaume ndio waliowahi, nafasi nzuri wakachukua wao. "Anabatizwa tena, ubatizo wa kwanza uliisha?" wakaulizana. Bwana Tai aliingia majini na kanzu nyeupe, meno yanagongana, akatamka maneno matakatifu kwa sauti ya mwanambuzi. Akamshika Mama Mkubwa, akamzamisha, na hapo hapo jiwe likamteleza chini ya mguu. Wakazama wote wawili. Juu ikabaki kanzu inaelea.

Mama Mkubwa ndiye aliyeibuka kwanza. Aliingiza mkono majini, akamvuta mbatizaji wake kwa kwapa kama gunia la mahindi, akamsimamisha. Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba alicheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nimemshika mwenzangu bega nisianguke.

Mama Mkubwa alisimama pale pale, maji ya barafu yanamtiririka usoni, akatusubiri. Kicheko kilipopungua, akasema kwa Kiswahili chake kile cha chumvi, bila mkalimani:

"Mmemaliza?"



Wiki iliyofuata Bwana Tai alirudishwa Mbeya na daftari lake lenye jina moja, na wakubwa wake hawakumtuma mtu mwingine. Kanisa gani linazamisha mtu halafu linaenda zake? Mama Mkubwa hakupika tena. Aliuza maharage na majani yake makavu ya mboga, na mwaka ule wa kwanza alilala njaa zaidi ya mara moja, sisi tukijua. Wanaume waliacha kumsalimu, wakawa wanafuata pombe kijiji cha pili, na baba akajifunza mitaro yote ya njiani kwa kuilalia. Kila Jumapili Mama Mkubwa alikaa kizingitini peke yake, mgongo umenyooka, akasali kwa Kifipa. Aliendelea hivyo hadi alipokufa. Mimi nilipita na ndoo yangu bila kusimama, wenzangu wasije wakanicheka. Nimewadharau watu wengi maishani, lakini yule msichana mwenye ndoo ndiye ninayemdharau zaidi.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha za ubatizo wake. Ni ubatizo wake wa tatu, kila mmoja na kanisa lake. Kuna spika kubwa kama kabati, kuna bwawa la plastiki, wenzake wamelizunguka wanapiga picha, naye katikati ananyoosha vidole viwili.

"Umeona, bibi? Ilikuwa poa sana. Na maji wanayapasha."

"Vizuri," nikamwambia. "Na umeacha nini?"

Akanikodolea macho. "Kuacha? Hapana, bibi. Mchungaji anasema sisi ni kupokea tu."

Nikamrudishia simu yake, nikaendelea kuchambua maharage. Enzi zetu tulikuwa wajinga na wakatili, tulimcheka mtu aliyeacha kitu. Siku hizi hata wa kumcheka hayupo.