Jicho la Tingatinga

Juzi nilipita Kivaa nikaliona tingatinga la Baba, limeshika kutu kando ya bwawa alilokuwa akichimba nikiwa mdogo.

Mchana mmoja aliliacha likinguruma nami nimeketi kitini, akaenda kula muthokoi. Taa ndogo nyekundu ya dashibodi ikaanza kunikonyeza kama jicho. Niliogopa, nikaliziba kwa matope.

Baba akarudi kuchimba. Kukanuka oili iliyoungua, kisha ndani ya injini kitu kikagonga, kikagonga, kama mtu anayeomba kufunguliwa. Halafu kimya. Halikuwaka tena.

"Mutanu, nani ameziba taa ya oili?"

"Si mimi."

Alitazama vidole vyangu.

Leo najua taa ilikuwa ikituonya kwamba oili haifiki vizuri kwenye injini. Matope bado yapo, yana alama ya kidole changu. Betri iling'olewa zamani, taa haiwezi kuwaka. Hata hivyo, sikuthubutu kuyabandua.