Mtoto wa Kwenye Fomu

Kila mwezi serikali ilikata mshahara wangu pesa za uzeeni, nami sikulalamika. Lakini iliponinyima nafuu ya kodi wanayopewa wazazi kwa sababu kaka yangu alishamwandika binti yangu kwenye fomu yake ya kodi, niliwaka. Nilitoka kazini mjini Maplewood moja kwa moja hadi kwake, mji wa jirani wa Columbia Heights. Alipofungua mlango, nikamtandika ngumi ya mdomo. Akaanguka.

“Mwizi wewe! Yule mtoto ni wako?”

Akatema damu. “Fomu inauliza mtoto anaishi na nani zaidi ya nusu mwaka. Wewe na shifti zako mbili, ungejibu nini?”

Nikainua ngumi tena. Binti yangu alitoka chumbani mbio, akajitupa juu ya baba yake mkubwa. Ngumi nilikuwa nimeshaishusha; ikampata yeye.